Mita Tisa za Mwisho

Jumamosi ile mchana, katika chumba cha mashini za kompyuta cha parokia, Marceline alikuwa amekwisha kukigonga kituo cha angani mara nne. Kila mara kioo kiligeuka chekundu, kikamwambia ameshindwa, na chombo chake kikarudishwa mwanzo, mita mia mbili kutoka mlangoni, dunia ya buluu ikizunguka polepole chini yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Ulikuwa mchezo wa mtandao, lakini si wa kitoto. Waliouunda walitaka mtu aonje kazi ya wale wanaoongoza vyombo vya angani hadi kuvifikisha mlangoni mwa kituo kinachozunguka dunia. Ukibonyeza mshale mara moja, chombo kinasogea, na kitaendelea kusogea hata ukienda kula ukarudi, maana huko hakuna hewa wala maji ya kukizuia. Ukitaka kisimame, unabonyeza mshale wa upande wa pili, kwa kiasi kilekile. Tarakimu za pembeni zinakuonyesha umbali, mwendo na mwinamo. Zikiwa za kijani zote, na mwendo wako ukiwa mdogo kama wa kinyonga, unapokelewa. La sivyo, unagonga.

Marceline alifundisha fizikia wasichana wa mwaka wa tano, na Jumatatu alitaka kuwaonyesha jinsi kitu kinavyokwenda pasipo kitu cha kukikwaruza. Ndiyo maana alikuja peke yake siku isiyo ya masomo, akafungua mashini moja, akaweka telefone yake kando ya kibodi, akaanza kujaribu. Mara ya tano alikuwa amefika mita arobaini.

"Uko unakuja mbio sana," sauti ilisema nyuma yake.

Hakugeuka. Hakuhitaji kugeuka. Vidole vyake vilibaki juu ya kibodi kama vya mtu aliyesahau alichotumwa, na chombo kikaenda, kikaenda, hadi kioo kikawa chekundu tena. Ndipo alipoinua macho akamwona Firmin amesimama mlangoni, bahasha mkononi, amekonda mashavu, shati lake la mistari likimpwaya mabegani. Miezi minane. Alikuwa amejiambia kwamba siku akimwona tena moyo wake utakuwa umetulia. Ulimpiga kifuani hata akadhani Firmin anausikia.

"Nilikuja kuprinta makaratasi," Firmin alisema, kama anayeomba msamaha. "Ya kazi mpya, kule Manono."

"Unaenda lini?"

"Kesho. Lori inatoka saa tisa ya mchana."

Marceline aliitikia kwa kichwa. Alitaka kusema mambo mengi, akajikuta anamuuliza kama makaratasi ni mengi. Firmin akasema ni manne. Basi wote wawili wakatazama kioo, kwa sababu kutazamana kulikuwa kugumu.

Kabla ya miezi ile minane, Firmin alikuwa nahodha wa boti ya mizigo iliyopita Moba, hapa Kalemie na Kigoma. Alitoka upande wa Baraka, kaskazini ya ziwa, na Marceline alimjua ndani ya boti hiyohiyo, alipokuwa akienda Moba kumzika bibi yake. Mama Cécile, mama yake Marceline, hakumtaka tangu mwanzo. Alisema watu wa kaskazini wanaoa ziwa, mwanamke wanamwachia mlango tu, na zaidi ya hayo Firmin hakuwa Mkatoliki. Papa Jean-Marie, baba yake, mzee wa reli aliyestaafu, hakusema ndiyo wala hapana kwa mwaka mzima. Kaka yake Marceline, Emile, ndiye aliyekuwa upande wao, maana alikuwa matelo katika boti ya Firmin, mtu wa kushika kamba ya mbele, na alimpenda nahodha wake.

Kisha asubuhi moja Papa Jean-Marie aliinua kichwa kutoka kwenye redio akasema: kijana yule aje, tumwone. Ni hayo tu aliyosema. Marceline alitoka nyumbani akikimbia. Alipofika soko la juu, penye wanawake wauzao mihogo, aliona boti ya Firmin chini, imekaribia gati. Hakuweza kungoja. Alimpigia telefone, akasimama pale akicheka peke yake, apate kumwona kwa mbali akizipokea habari zile. Aliuona mkono wa Firmin ukipanda sikioni. Halafu akasikia boti ikigonga, na watu wakipiga yowe.

Mguu wa Emile ulibanwa kati ya boti na gati. Madaktari waliukata chini ya goti.

Mbele ya wakubwa wa bandari Firmin alisema kosa ni lake, alipima vibaya. Hakutaja telefone. Mwenye boti alimfukuza siku ileile. Jioni Marceline alipata ujumbe wake mmoja tu, maneno mawili: Usiseme kitu. Akatii. Alijiambia anatii. Miezi minane alikuwa akifua suruali za Emile na kukunja vizuri ule mguu mtupu, akimwekea kipande kinono cha samaki, hata Emile akamuuliza siku moja kwa nini anamtunza kama askofu. Naye alijibu kwa mzaha, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia.

"Kaa," sasa alimwambia Firmin, akainuka kitini. "Nionyeshe, kama mi nakuja mbio."

Firmin alisita, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni. Alimuuliza kila mshale unafanya nini, akazisoma tarakimu, akabonyeza mara moja tu. Kisha akaondoa mkono.

"Sasa?" Marceline aliuliza.

"Sasa tunangoja."

Wakangoja. Chombo kilisogea kidogo hivi kwamba usingejua kama hungetazama zile namba. Marceline alisimama karibu na bega lake, akasikia harufu ya sabuni ya mche, akaona vidole vyake vimeota sugu mpya zisizo za kamba. Baadaye alijua ni za matofali. Huko Baraka alikuwa akichoma matofali. Mara ya kwanza Firmin alipitiliza mlango kwa upande, akaguna, akaanza tena. Mara ya pili aliongoza chombo kwa vidole viwili, akigusa na kuacha, akigusa na kuacha, bila pumzi kusikika. Mita kumi. Mita tano. Moja. Kioo kikawa cha kijani.

Hakutabasamu. Mkono wake ulibaki juu ya meza.

"Tangu ile siku sijashika usukani," alisema. "Hata wa mutumbwi."

Marceline angeugusa mkono ule, na hakungekuwa na mtu wa kuwaona, lakini alihisi hana haki. Firmin akaupeleka mfukoni mwenyewe, akainuka, akamwambia ajaribu tena, safari hii bila haraka, na akipata wasiwasi asibonyeze kitu.

Alijaribu. Firmin alisimama nyuma yake akimwelekeza kwa sauti ya chini, sauti aliyokuwa akimwimbia jina lake nayo zamani kwenye telefone, na kwa dakika chache Marceline alisahau. Ni aibu kusema, lakini alikuwa na furaha. Mita thelathini, namba zote za kijani. Mita kumi na tano. "Hivyohivyo," Firmin alisema. "Usiguse tena." Mita tisa.

Telefone ya Marceline iliwaka kando ya kibodi, ikalia. Mama. Alitupa jicho tu. Kidole kilibonyeza kabla hajajua kimebonyeza nini, na aliporudisha macho chombo kilikuwa kimeinamisha pua na kituo kimeujaza upeo wote.

Nyekundu.

Telefone iliendelea kulia mezani. Hakuna aliyeishika. Iliponyamaza, ilisikika kwaya ya vijana ikifanya mazoezi upande wa pili wa ua.

"Ilikuwa hivi?" Marceline aliuliza, macho kwenye kioo. "Ile siku, ilikuwa hivi?"

Firmin alikitazama kile kioo chekundu.

"Ya kwangu ilikuwa karibu zaidi na gati," alisema.

Marceline alifunika uso kwa mikono. Kwa miezi minane alikuwa amelijua kosa lake kwa akili tu, kama mtu anavyojua jina la mji asiowahi kuufikia. Sasa alikuwa ameufikia. Alikuwa amejitetea moyoni, usiku na mchana, kwamba kupiga telefone ni kitu kidogo, kwamba mtu anaweza kusikiliza na kuongoza pamoja, kwamba pengine boti ingegonga tu. Ilikuwa imemtosha nukta moja, jicho moja, na yeye alikuwa amekaa kitini bila mtu yeyote kusimama mbele yake na kamba.

"Niliona boti," alisema kupitia vidole. "Nilikuwa pale kwa wauza mihogo. Niliona umekaribia gati, nikakuita kwa sababu nilitaka kukuona vile utafurahi. Nilikuwa nacheka, Firmin."

"Mi njo nilikuambia uniite. Umesahau? Nilisema Papa akijibu, uniite palepale, hata saa gani."

"Sikusahau. Lakini nilikuwa naona."

"Telefone inaweza kulia. Nahodha njo anaishika ao anaiacha. Mi niliishika." Alisema kwa utaratibu, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo kitandani mara nyingi. "Sikukulaumu hata siku moja."

Huo wema ndio uliomshinda. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Marceline aliinua uso, na pasipo kukusudia akamwambia lile alilokuwa hajamwambia hata padri katika kitubio.

"Kila jioni kwetu tunasali rozari. Mwishoni Mama anaongeza ombi lake. Anaomba wewe usipate amani popote utakaposhukia. Kila jioni, tangu Emile atoke hospitali."

Firmin alitikisa kichwa taratibu. Alisema alijua Mama Cécile atamchukia, ni haki yake.

"Na mi ninaitikia," Marceline alisema. "Anasema, tunakuomba. Na mi pamoja na wengine ninasema, utusikie."

Hapo aliona uso wa Firmin ukibadilika. Aliyavumilia yote, kazi kupotea, jina kuchafuka, matofali ya Baraka, lakini neno hilo lilimwingia mahali pasipo na sugu. Alirudi hatua moja nyuma.

"Unaitikia," alisema.

"Wangeniuliza kwa nini ninanyamaza."

"Ndiyo. Wangekuuliza." Aliiangalia bahasha yake kama anayetafuta kilichoandikwa. "Mi nilikuwa najua kuna muntu moja Kalemie anayejua ukweli. Usiku nilikuwa najiambia, yeye anajua, inatosha. Nilikuwa nalala kwa hiyo."

Marceline hakujitetea. Alisema basi ataenda leo hii kuwaambia wazazi wake. Firmin akakataa, kwa sauti ya kuchoka. Alimwambia yeye anaenda mbali na chuki ya watu haimfuati mtu Manono, lakini Marceline analala nyumba moja na Emile, anakula sahani moja na mama yake, na mama akishapoteza mguu wa mwanawe asije akampoteza binti yake pia. Kisha akatoa ndani ya bahasha flashi yenye makaratasi ya kuprinta, akamnyooshea.

Basi Marceline alimprintia mwenyewe makaratasi ya kwenda mbali naye. Yalitoka manne, moja baada ya jingine, ya moto. Aliyapanga vizuri, akampa. Vidole vyao havikugusana.

"Printa ziko tatu katika muji huu," Firmin alisema akiwa mlangoni, bila kugeuka. "Nilijua uko unakuja hapa Jumamosi."

Akaenda zake.

Marceline alipompigia mama yake, Mama Cécile alimwambia alete chumvi. Marceline aliinunua, akapanda nyumbani, akamkuta mama yake uani akichambua ndagala, dagaa wale wadogo wa ziwani, zilizotandazwa kwenye wavu. Papa Jean-Marie alikuwa kitini pake na redio. Jua lilikuwa bado juu ya vilima. Emile alifika baada ya muda kutoka kibanda chake cha kutengeneza telefone, akaegemeza magongo ukutani, akaketi kwenye kizingiti, akamuuliza dada yake kwa nini amesimama na chumvi mkononi kama mtu wa posta.

Marceline alisema yote akiwa amesimama hivyohivyo, hata kwamba Firmin anaondoka kesho kwenda Manono. Alianza na asubuhi ile ya Papa, akaeleza soko, boti aliyoiona, telefone, mkono wa Firmin uliopanda sikioni. Akautaja na ujumbe wa Firmin wa kumkataza asiseme, lakini akaongeza upesi kwamba si ujumbe uliomfunga mdomo. Aliogopa. Alitaka waendelee kumpenda, akamwacha mwingine achukiwe.

Papa Jean-Marie alizima redio. Mama Cécile hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutoa vijiwe na majani kati ya ndagala, kimoja kimoja, hadi Marceline akadhani hakusikia.

"Na ulikuwa unaitikia," mama yake alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Unaniacha mi nasimama mbele ya Mungu namutukana mutoto wa wenyewe. Na wewe unajua. Unapiga magoti pembeni yangu, na unajua."

Alisimama, akaenda ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Emile alikuwa anamtazama dada yake kwa uso ambao Marceline hakuweza kuusoma. Alimuuliza swali moja tu: siku ile alikuwa anataka kumwambia Firmin nini hasa.

"Kwamba Papa amekubali," Marceline alijibu.

Emile alichukua magongo yake akatoka, akashuka njia ya soko, na Marceline akalisikia kila gongo likigusa ardhi hadi sauti ikapotea. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu ajali, hawakusali pamoja. Kila mmoja alikula pake.

Kesho yake walikwenda misa wakiwa wanne, wakarudi wanne, bila mazungumzo. Marceline alipika bugali na samaki, akaandaa, na safari hii hakuthubutu kumchagulia Emile kipande. Walipoketi, Emile hakunawa mikono.

"Mi pia niko na neno," alisema.

Alisema akitazama sahani. Katika boti kuna sheria moja ambayo matelo hufundishwa kabla ya nyingine zote: hutoi mguu nje ya kingo kabla boti haijagusa gati. Firmin alimkaripia kwa jambo hilo mara nyingi, na mara moja alimwacha Moba safari nzima ili ashike adabu. Lakini yeye alipenda kuruka na kamba boti ikiwa bado inakwenda. Watu wa gatini walizoea kumtazama, wasichana wauza samaki walimpigia kelele, naye akaona raha. Siku ile alikuwa amekwisha kutoa mguu wake nje, boti ikiwa bado mbali. Angekuwa amesimama ndani, boti ingegonga, angeanguka labda, angechubuka.

"Bandarini waliniuliza," alisema. "Nikawaambia sikumbuki."

"Na ulikuwa unakumbuka," Papa Jean-Marie alisema.

"Nilikuwa nakumbuka, Papa. Kila siku. Lakini Firmin alikuwa amekwisha kusema ni yeye, na watu wote walikuwa wananihurumia, nikaona ni rahisi vile." Aligeuka kwa Marceline. "Ile jana sikutoka juu ya hasira. Nilitoka kwa sababu wewe ulisema na mi nilinyamaza."

Marceline hakuhisi nafuu ambayo mtu angetazamia kuihisi. Alimwonea kaka yake uchungu uleule aliokuwa akijionea, na mguu ulikuwa haupo vilevile, na Firmin alikuwa mtaani Kataki, kwa binamu yake, anafunga mzigo.

Mama Cécile alikuwa ameshika kijiko cha mchuzi. Alikiweka chini. Alimtazama mwanawe, akamtazama binti yake, na macho yake, yaliyokuwa makavu miezi yote hiyo, yakajaa.

"Sasa mi nitamukasirikia nani?" aliuliza.

Aliuliza kweli, kama anayeuliza njia. Alikaa na hilo swali lake, mikono mapajani, na ghafla akaonekana mzee. Papa Jean-Marie aliinuka kwenye kiti chake, akaenda akaketi karibu naye, jambo ambalo watoto hawakuwa wamezoea kuliona. Ndipo akamuuliza Marceline lori la Manono linatoka saa ngapi. Marceline akamwambia, saa tisa. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Mi nilisema kijana aje," baba yake alisema. "Sikusema tena asije. Munaniona kama nimesahau, sijasahau. Nilinyamaza tu, na hiyo haikuwa vizuri."

Emile alikuwa amekwisha kushika magongo. Mama Cécile aliwangojea wafike mlangoni.

"Mumuambie akuje aniambie kwa kinywa chake, vile ilikuwa," alisema. "Sijasema nimesamehe. Hata nyinyi wawili sijasema."

Walichukua pikipiki moja, Emile katikati, Marceline nyuma akimshikia magongo, wakashuka hadi Kataki, kwa binamu yake Firmin. Walimkuta uani, peke yake, ameketi juu ya mfuko mkubwa uliofungwa kamba pande nne kwa fundo la mabaharia. Makaratasi manne yalikuwa mfukoni mwa shati. Alipomwona Emile akishuka kwenye pikipiki alisimama wima, kama mtu anayesubiri kupigwa. Hawakuwa wameonana uso kwa uso tangu gatini.

Emile hakuzunguka. Alimweleza yale aliyowaeleza nyumbani, mguu, kingo, na uongo wake wa bandarini. Firmin alisikiliza, mikono imelegea.

"Nilikuona umetoa muguu," Firmin alisema, Emile alipomaliza. "Nilifungua kinywa nikukaripie. Telefone ikalia."

"Na haukuwaambia."

"Ulikuwa hospitali, Emile. Ningesemaje neno kama lile juu ya muntu aliye hospitali?"

Emile alimshika Firmin shingoni kwa mkono mmoja, gongo moja likaanguka, na wanaume wale wawili wakasimama hivyo katikati ya ua, paji kwa paji. Marceline aliliokota lile gongo. Aliona hapaswi kuwatazama, akawatazama.

Emile alipoachilia, alikwenda kungojea kwenye kivuli cha ukuta, karibu na pikipiki. Marceline akabaki mbele ya Firmin.

"Niliwaambia," alisema. "Jana ileile."

"Nilikukataza."

"Ndiyo. Ile ya kuitikia, Firmin, sina namna ya kuiondoa. Siwezi kusema nilikuwa nasema kinywani tu. Kuna siku nilikuwa nakusudia, ili iwe kweli kwamba kosa ni lako. Ninakuomba radhi kwa hizo siku."

Firmin alimtazama. Hakuwa na haraka, kama jana mbele ya kioo, na Marceline alijilazimisha asiondoe macho. Alimwona anapima, na hakujua anapima nini. Pale barabarani lori fulani lilipiga honi.

"Itanichukua siku nyingi," Firmin alisema. "Sitakudanganya."

"Ninajua."

"Mama yako amesema nini?"

"Amesema ukuje umuambie kwa kinywa chako. Hajasema amesamehe."

"Leo?"

"Leo. Chakula kiko mezani, hakuna aliyekigusa."

Firmin alilishika shati lake kifuani, akalivuta, akaliona lilivyolowa jasho na vumbi. Alisema kwa unyonge kwamba hawezi kwenda mbele ya Mama Cécile hivi. Alitazama barabarani, upande wa kituo cha malori, akatazama mfuko. Mashati yake yote yalikuwa ndani, chini kabisa, chini ya blanketi na sufuria na viatu vya kazi, na mfuko wenyewe ulikuwa umefungwa kwa safari ya siku nne.

Alipiga magoti, akaanza kufungua fundo la kwanza. Lilikuwa gumu. Marceline alipiga magoti upande wa pili, akashika la pili.